Jina Nililompa Mzimu

Aurelia, nimeaibika vibaya.

Unaukumbuka ule mchezo niliotunga, wa dadu, wenye ufalme wa milima kama Matogoro? Mizimu yake, ile ambayo wachezaji wanaiua, niliipa majina ya wapiganaji wa Majimaji walionyongwa. Niliona yananoga tu, mjinga mimi!

Leo tumecheza kwa kina Kajetani. Bibi yake alikuwa pembeni anapukuchua mahindi. Kajetani akarusha dadu, akashangilia: "Nimemuua tena Maluka Gama!"

Bibi akaacha mahindi. "Maluka Gama yupi?"

Ni babu yake huyo bibi, Aurelia! Babu yake mzaa baba!

Akasema taratibu, "Wajerumani walimnyonga mara moja. Ninyi mmemuua mara ngapi?"

Kajetani hajawahi kumdanganya bibi yake.

"Mara nne, bibi."