Yoga ya Mokami

Jumanne, 9 Aprili 2024

Mokami amerudi. Kambi yao ya watalii, huko ng'ambo ya Kisaka, imefungwa kwa sababu ya mvua mpaka mwezi wa sita. Alishuka kwenye pikipiki na begi moja, na kitu kimeviringishwa kama bomba ameshika kwapani. Nikadhani kaniletea zulia. Kumbe ni lake, la kufanyia mazoezi.

Amekonda, au ni macho yangu tu. Kuku nimemchinja, yeye anakula mboga. Baadaye akachukua paja kwa kunionea huruma.

Anasema labda hatarudi kambini. Labda abaki hapa Itiryo, alime, afuge kuku. Labda. Nikachochea moto nisije nikamtisha. Tangu baba yake, mume wangu Heche, afariki, na wadogo zake wameshaolewa, jioni humu ndani naongea na sufuria.

Ijumaa, 12 Aprili

Mgongo. Palizi imenimaliza. Leo niliinama kwenye mahindi nikashindwa kuinuka — nikabaki vile vile kama mtu aliyedondosha sindano. Mokami akaja. Hakucheka. Akanikokota mpaka uani, akanilaza kwenye lile zulia. Kunja magoti, mama. Vuta pumzi kwa pua, jaza tumbo, toa taratibu. Nikamwambia nimezaa watoto watatu, kupumua najua. Akasema hujui, unapumua kama mtu anayekimbizwa.

Ni kweli. Sikujua kama inaonekana.

Niliinuka mwenyewe. Inaitwa yoga. Usafi wa vyumba ndiyo ilikuwa kazi yake kule, na wageni wakimkuta anashika kiuno walimfundisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimemuuliza hiyo yoga ni ya dini gani. Akasema kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, kila asubuhi kabla ya kuanza anaunganisha viganja na kuwaomba miungu wao. Na kulikuwa na Mzungu mmoja, mzee, haamini chochote, alisema mtu akifa amekwisha. Wote wawili walikuwa wanajikunja pembeni ya hema, saa ile ile. Migongo yote miwili ilinyooka, anasema.

Na wewe je? Wewe unaomba nini?

Siombi kitu, mama. Nahesabu pumzi.

Mimi naomba. Nikilala pale chini, hewa ikiingia, naomba vizuri kuliko kwenye benchi la kanisani, maana kule nawaza nani hajafika na nani ana mgonjwa. Hili siwezi kumwambia mtu, mimi mwenyekiti wa akina mama.

Jumamosi, 20 Aprili

Juzi jirani yangu Eunice, mama Joram, alinichungulia juu ya uzio. "Mwenyekiti, siku hizi unalala mchana?" Nikamwambia niko kazini, napumua. Akacheka, halafu akauliza kama inasaidia nyonga. Leo alikuja na kanga yake, na Kezia, na mama Anold. Wametandika uani, kuku wanapita katikati yao.

Kezia alipoinua miguu juu akasema, "Mzee akinikuta hivi ataniuliza nafundishwa na nani." Mama Anold akamjibu, "Mwambie umechelewa kujifunza." Tulicheka mpaka Mokami akasema sasa hakuna aliyevuta pumzi.

Nilisema tuanze na sala. Tukasali. Nilifungua jicho moja. Mokami alikuwa amekaa kimya anawaangalia kuku, anatusubiri tumalize. Kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Jumapili, 28 Aprili

Eunice amenimaliza, na nia yake ilikuwa nzuri.

Wakati wa ushuhuda alisimama. Bwana asifiwe. Mwaka wa pili huu alikuwa hawezi kujitwika ndoo, leo amejitwika kutoka mtoni mpaka nyumbani bila kupumzika. Watu amina, amina. Akaongeza: namshukuru Mungu kwa yoga ya Mokami, tunafanya pale kwa mwenyekiti wetu.

Amina ikatoka kwa nusu ya kanisa, nusu ikaishia kooni. Mchungaji Ezra akauliza kwenye kipaza sauti, kwa kitu gani?

Yoga, mchungaji.

Mzee Nikodemo, mzee wetu wa kanisa, akatoa simu yake ile kubwa. Tulipotoka nje alikuwa ameshawasomea wanaume kumi kwamba ni ibada ya miungu ya Kihindi. Hakuna aliyenipa mkono isipokuwa Eunice, naye mkono wake ulikuwa wa baridi.

Jumanne, 30 Aprili

Wamekuja, mchungaji na mzee Nikodemo. Nimewapa chai. Mokami akaamkia shikamoo kwa heshima, akakaa chini kwenye kigoda.

Nikodemo: ukiinama pale unamwinamia nani? Mokami: simwinamii mtu, mzee, nainamia goti langu. Nikodemo akasema mwili ni hekalu, na hekalu lisilo na mwenyewe linaingiwa na yeyote. Nikadakia kwamba tunaanza na sala, mimi mwenyewe ndiye ninayesali.

Mchungaji alilainika. Si mtu mbaya, na yeye goti lake linamsumbua, tunamwona akipanda madhabahuni. Akasema kama ni hivyo jambo ni dogo. Mokami asimame Jumapili aseme anafanya kwa jina la Yesu, basi. Tutayaita mazoezi ya akina mama. Mimi nikaanza kushukuru hata kabla hajameza chai.

Mokami akasema, "Mchungaji, nikisema hivyo nitakuwa nimedanganya kanisani. Hiyo si ndiyo dhambi?"

Nilifukuza nzi juu ya sukari.

Mchungaji akamuuliza polepole, kama mtu anayegusa kidonda: huamini Mungu, binti yangu? Akasema, "Sijui, mchungaji. Zamani nilijua."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Nikodemo akasema asiyeamini hawezi kukaa nyumba moja na mwenyekiti wa akina mama, akina mama watamfuata. Mchungaji hakusema hivyo, ila hakusema sivyo. Wameniachia mimi. Nisimame Jumapili niseme nimeacha na nyumba yangu ni safi, au niachie uongozi, nisishiriki meza ya Bwana mpaka watakapoona inafaa.

Heche alipokufa ni kanisa lililochimba kaburi. Ndugu zake walikaa chini wanabishana kuhusu ng'ombe. Akina mama ndio waliolala hapa na mimi. Sasa wakininunia, nani atakuja kunizika?

Alhamisi, 2 Mei

Nimemsihi mpaka sauti imekauka. Ni maneno mawili tu, Mokami. Mimi mwenyewe mara ngapi nimesema amina na sikusikia kilichoombwa.

Akasema, "Wewe unaamini, mama. Ukidanganya unarudi kwa mwenyewe unatubu. Mimi nikidanganya narudi kwa nani?"

Nikaanza kumtukana. Nikamwambia bora ungekuja na mimba. Mimba kanisa linaijua, ina utaratibu wake. Unatengwa, unatubu, mtoto anabatizwa, watu wanakula wali. Hili lako halina hata pa kuliweka.

Aliendelea kuosha vyombo. Aliviosha vizuri, mpaka chini.

Nilitaka kumwambia jambo jingine. Kwamba siogopi wazee peke yao. Naogopa kwa sababu nimemwona akiwa amelala pale, uso umetulia, tulivu kuliko mimi nikiwa nimepiga magoti. Kama amani inapatikana bila Mungu, mimi miaka yote hii nilikuwa nabisha hodi wapi? Halafu najijibu, Mungu ndiye aliyeweka hiyo pumzi, Mokami apende asipende anamvuta Mungu huyo huyo. Nikitulia naamini hivyo. Nikimkumbuka Nikodemo naamini vingine.

Jumapili, 5 Mei

Nimesimama.

Nilipanga kusema nimeacha, niketi. Nikasema nimeacha. Watu wakaitikia amina. Wakaitikia kwa nguvu, na ile nguvu ikanibeba, nikasema: na nyumbani kwangu hakuna tena kitu hicho. Hiyo ya pili sikuipanga. Ilikuja kwa sababu walikuwa wananiangalia kwa upendo.

Eunice ndiye aliyepiga makofi zaidi. Kezia alipiga vigelegele. Mzee Nikodemo akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mokami alikuwa benchi la mwisho. Alikuja kwa ajili yangu, alivaa gauni nililomshonea. Sikujua kama amekuja mpaka nilipogeuka kuketi.

Jumatatu, 6 Mei

Kapika uji wa ulezi. Kanimiminia mimi kwanza.

"Mama, jana ulisema nyumbani kwako hakuna tena. Hakuna nini?"

Nikasema yoga.

"Wao wamesikia ni mimi."

Nilitakiwa kusema hapana. Nilipuliza uji.

Mgongo umekaza tangu jana usiku. Najishika ukutani nikitembea. Ameona. Hakuniambia lala chini, na mimi sikumwomba. Siku nzima tumepishana mlangoni kama wapangaji.

Jumanne, 7 Mei

Amefungasha. Aliniamkia shikamoo kama mgeni, akasema anakwenda Tarime, pale atapata basi la Mwanza, kuna msichana waliyefanya naye kazi ana chumba. Nikamwambia subiri unywe chai. Akasema pikipiki imeshaitwa. Nikasema mvua hii, matope haya, itakwama. Akasema atasubiri barabarani.

Sikumshika. Mikono nilikuwa nayo.

Nilikuwa bado nimesimama jikoni pale pale nilipoachwa, mara nasikia watu kwa nyuma, wanapita njia ya kwenye migomba ambayo hakuna anayeitumia. Eunice, Kezia, mama Anold. Vikapu mkononi kama wanaokwenda shamba. Ndani ya vikapu kanga zimekunjwa.

Eunice ananong'ona: yuko wapi mwalimu? Nyonga imerudi, jana sikulala. Nikamwambia Jumapili si mlipiga makofi? "Ah, mama Mokami, pale ilikuwa kanisani." Kezia akasema mchungaji kaenda Musoma, Nikodemo yuko mnadani, tufanye haraka haraka.

Mama Anold akauliza, na sala je? Eunice akasema, "Leo tuache sala, isije ikasikika mpaka nje."

Nimewaambia nafuata kanga ndani. Nimefunga mlango, naandika kwa kusimama, kukaa siwezi. Kwa dirisha namwona pale barabarani chini ya mwavuli wa marehemu baba yake. Begi ameliweka juu ya mguu lisiloe. Pikipiki haijafika. Mlango wangu ni huo mmoja tu, unatokea uani. Nikimfuata ni lazima niwapite, na wataona naelekea wapi, na ifikapo jioni Nikodemo atakuwa amejua.

Wameshatandika. Nawasikia wanavuta pumzi, hawajui kuhesabu, kila mmoja anatoa kwa wakati wake.

Eunice ananiita. Mama Mokami, tumeshalala, tunaanza na nini?

Kule bondeni kuna mlio wa pikipiki.