Sihami Kwenye Ngazi za Wanxian

Wanxian, 6 Machi 2002

Shuqing mwanangu,

Hujambo huko kiwandani Dongguan? Kikohozi kimepoa? Unakula? Usinidanganye, mwenzako aliyerudi sikukuu ya mwaka mpya kasema umekonda kama ufito. Mimi mzima, goti tu, nalo unalijua. Mwandiko uuvumilie, nilisoma madarasa mawili tu.

Kuna jambo. Jina langu limebandikwa ukutani, kwenye orodha ya wanaopelekwa pwani ya mashariki. Mto ukizibwa kwa bwawa mwakani, maji yatapanda kidogo kidogo hadi mstari mwekundu waliouchora, na chumba chetu kiko chini yake. Watu wa mji wanahamishiwa juu mlimani, papa hapa. Wakulima wanapelekwa mbali wakalime. Na kitabu changu cha kaya, kile cha serikali cha ukaazi, eti kinasema mimi mkulima! Mimi, miaka thelathini nawauzia tambi wapagazi kwenye ngazi za bandari! Jembe nililishika mara ya mwisho nikiwa na mimba yako.

Siendi. Vaa sweta.

Mama yako

Dongguan, 21 Machi 2002

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepona na ninakula. Goti lako je? Ulilikanda kwa tangawizi kama nilivyokuambia?

Barua yako imeninyima usingizi. Lakini mbona Shangazi Ran ana kitabu cha mji, na mmetoka kijiji kimoja ng'ambo ya mto? Mji ulipokimeza kijiji, si wote mliandikishwa? Umenificha nini?

Mama, saini tu. Huko watakupa nyumba na shamba. Hapa kwangu tunalala wanane chumba kimoja, siwezi kukuleta. Usigombane na serikali kwa ajili ya ngazi.

Binti yako,
Shuqing

Wanxian, 9 Aprili 2002

Shuqing mwanangu,

Salamu nyingi kuliko pilipili za sokoni. Goti nimelikanda, linanuka tangawizi, halijapona.

Haya, nitasema, usinicheke. Mwaka ule wa kuandikishwa, tulijaa ukumbini. Karani akapaza sauti: "Watu wa Wilaya ya Wuqiao, simameni!" Shangazi yako Ran akainuka, wote wakainuka. Mimi nikakaa. Ran ananivuta mkono, "Wewe, inuka, ndio sisi!" Nikamwambia, "Nyinyi labda. Mimi nimezaliwa kijiji cha Moujiawan, hiyo Wuqiao yao wameizaa juzi." Nikangoja waite Moujiawan. Jioni wakafunga milango, nami nikabaki mkulima kitabuni.

Ndiyo, ni kiburi changu. Lakini fikiria na wewe. Tulikuwa mkoa wa Sichuan, wakatuhamishia Chongqing bila mtu kufunga hata kikapu. Tulikuwa jiji, tukawa wilaya. Wanxian ikaitwa Wanzhou. Mihuri yote hiyo imepita juu ya kichwa changu nikiwa nakoroga sufuria ileile. Sasa ndio wanijue kwa karatasi?

Nimeandika ombi. Wapagazi sitini na mmoja wamelibandika vidole vya wino mwekundu kwamba mimi ni mtu wa bandari. Mzee Xiang, mmoja wao, akabandika viwili. Nikamwambia, "Wewe, ni kidole kimoja kimoja!" Akasema, "Cha pili ni cha bakuli la jana, sijalilipa."

Waandikie na wewe watu wa ofisi ya uhamisho, useme umezaliwa hapa.

Mama yako

Wanxian, 30 Agosti 2002

Shuqing,

Hujambo? Uliniandikia nisiposaini nisikuandikie tena. Basi sikusaini, na ninakuandikia. Kifua kinaendeleaje?

Ombi lilikataliwa. Vidole vyote vile, karani wa ofisi ya uhamisho akasema havina nguvu ya kubadilisha kitabu. Meli ya watu wetu iliondoka Alhamisi ya wiki iliyopita. Alfajiri niliwapikia wote, wakala huku wanalia, na mimi nikalia, kisha nikachemsha maji mengine. Majirani wote wawili wa ukuta mmoja wamekwenda. Usifikiri haikuniuma.

Chumba chetu kimebomolewa Jumatatu. Nyumba ya mlimani sipewi, shamba la pwani nimelikataa. Nalala ghalani kwa Mzee Xiang na mkewe.

Jana nimetua sufuria kwenye gati jipya, juu kabisa ya ule mstari, saruji bado mbichi. Mlinzi kanifukuza mara mbili, nikarudi mara tatu. Mchana akaja karani yuleyule aliyelikataa ombi. Akasimama, akaniangalia. "Mama, kwenye karatasi wewe hupo hapa."

Nikamwambia, "Sawa, mwanangu. Na tambi hazipo. Unataka na pilipili?"

Akatazama nyuma, akatazama mbele. Akachuchumaa.

"Nyingi," akasema.

Nikamjazia mpaka akatokwa na kamasi. Aliporudisha bakuli nikamwambia, "Kesho njoo na wenzako."

Leo wamekuja wanne.

Mama yako