Mpira Uliobaki Kwenye Mabati ya Jikoni

Sirisia, Bungoma
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Wakoli,

Pokea salamu nyingi za mama yako mdogo, Nelima. Habari ya Doha na joto lake? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepoa? Sisi huku tunaamka, tunakula kidogo, tunashukuru Mungu. Baba Sifuna amepalilia mahindi peke yake mwaka huu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia tu, na hutajua nilichotaka. Peris wa kanisani anarudi huko kazini Alhamisi, atakupa barua mkononi.

Ni kuhusu simba ya Sifuna, ile nyumba yake ya mviringo. Unakumbuka alivyochora ukuta kwa makaa na chokaa: mtu anayepiga gofu, mtu yule yule amerudiwa kutoka upande huu wa mlango mpaka upande ule. Ukizunguka nyumba, pigo linafanyika. Ameinama juu ya mpira, fimbo inapanda, inashuka, anamaliza kifua kikitazama jikoni. Kila alipotoka Kitale kubebea wachezaji fimbo, hata kabla ya kunywa chai, alikuwa na kitu cha kurekebisha. Goti. Kisigino.

Wewe ndiye uliyesimama uani na mpini wa jembe akikuchora. Bado nawasikia.

"Kichwa, Wakoli! Kichwa kibaki chini!"

"Ati kibaki mpaka lini, bana? Mimi si mlingoti wa bendera!"

Nilicheka mpaka uji ukafurika.

Wakoli, ile picha haiko. Asubuhi ya mazishi ya Sifuna, Nekesa, dada ya Baba Sifuna, alikuja na akina mama, wakasiriba nyumba zote kwa udongo na samadi ili wageni wakute boma safi. Mimi nilikuwa chini kando ya jeneza. Akaniinamia akasema, "Mama, hata simba ya kijana tumeipaka. Imependeza." Nikamwambia asante. Mpaka leo hajui, na usimwambie. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa ule udongo wa baridi.

Nilijaribu kubandua na kijiko. Udongo unatoka na makaa yake. Picha ya ukuta kwa simu hatuna. Simu ya Sifuna ilivunjika naye kwenye ile pikipiki. Pauline amejaribu kuichora upya picha ya kaka yake kwenye karatasi, lakini mtu wake anaonekana kama anapasua kuni. Alikasirika, akairarua.

Mwanzo naukumbuka. Mwisho pia: uzito wote mguu wa kushoto, kisigino cha kulia juu. Ya katikati, nyuma ya nyumba, ndiyo siipati. Pale fimbo inapoanza kushuka. Sifuna alisema hapo ndipo watu huharibu, mikono inakimbilia mpira. Alisema kuna kitu lazima kitangulie. Ni kiuno? Ni goti? Nilikuwa nikipita pale na kuni kichwani, sikutazama.

Juzi nilisimama nyuma ya nyumba na mpini ule ule mpaka Baba Sifuna akaja kuutoa mkononi mwangu polepole. "Wacha, Nelima. Ukuta ni ukuta." Lakini kila nikiamka kuna kitu kimepungua kwa mtoto wangu. Jana nilitafuta alivyokuwa akishika kikombe, nikakosa. Naogopa, Wakoli. Sijui nitamshika kwa kitu gani.

Umebaki mpira tu. Aliuchora mbali, kwenye mabati ya jikoni, doa la chokaa, na mabati hakuna anayesiriba. Kila nikienda kuwasha moto nauona uko hewani, na hakuna aliyeupiga.

Nakuomba usimame tena, mwanangu. Shika ufagio, shika chochote. Mwambie Hiram mnayekaa naye akupige picha polepole, zaidi pale fimbo inaposhuka. Mwili wako utakuwa umeshika kile ambacho kichwa changu kimeacha. Pauline atachora, na mimi nitachanganya makaa.

Msalimie Hiram. Baba Sifuna, Pauline na Nekesa wanakusalimu. Mungu akukinge na jua la huko, akurudishe kwetu mzima.

Na ukisimama hivyo, kichwa chini, unikumbuke.

Wako akupendaye kama aliyekuzaa,
Mama mdogo Nelima