Barua za Elie Zinarudi Bukavu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana nimefunga mlango na sasa najua nani amebaki nje.

Natunza seva ya barua pepe katika ofisi ndogo hapa Mengo, Kampala, na mwanzoni seva yetu ilikuwa wazi kabisa, mgeni yeyote duniani aliweza kupitisha barua taka zake kwetu kwenda kwa wageni wengine, nami niliziona kama popo wanaoingia dirisha hili na kutokea lile, mpaka kampuni za nje zikatuhesabu kuwa wachafuzi na kukataa hata barua za wateja wetu, ndipo bosi wangu, Mzee Wamalwa, akasema nifunge, nami nikafunga kwa bidii ya mtu mwenye hofu, nikazuia mitandao mizima iliyotuletea taka, mmojawapo ule wa Bukavu, kule Kongo.

Kukawa na kimya kizuri, mashine ikinguruma kama mvua iliyo mbali, na ndani ya kimya hicho Marie-Jeanne, mkimbizi anayeshona nguo jirani yetu na mwenye anwani yake kwenye seva yetu, alikuja kila mchana kuuliza kama mumewe ameandika, kwani walikubaliana Elie aandike kwanza, akishauza nyumba, nami nikamjibu hakuna, mpaka juzi mfanyabiashara Mushagalusa alipotoka Bukavu akanichekesha kwa habari za Elie mmoja kule, anayelalamika kwamba mke wake wa Kampala amempandishia ukuta, kila barua inamrudia. Nilicheka naye, kisha nikahisi sakafu imekuwa maji. Jumapili Marie-Jeanne anaondoka na dada yake kwenda Nairobi, akiamini ameachwa. Nikifungua, popo watarudi na ofisi itakufa. Nisipofungua, nimevunja ndoa ya watu kwa kidole changu. Nifanye nini?

Nelima, Mengo

Mama Lamunu anajibu:

Binti yangu, umekaa na mashine hiyo mpaka ukasahau adabu ya kwenu. Mtu akipiga hodi, humfukuzi kwa sababu ya mji aliotoka. Unauliza ni nani, na anamtafuta nani.

Nimemuuliza Ongom, fundi wa kompyuta wa gazeti hili, naye amecheka kuliko Mushagalusa. Barua inayokuja kwa mteja wako, ipokee, mwenyewe yumo ndani. Ikinuka, iweke kando aiamue yeye, usiitupe. Barua ya mgeni inayopitia kwako kwenda kwa mgeni mwingine, ikatae bila huruma. Mteja wako akiwa safarini na anataka kutuma kupitia kwako, ataje kwanza neno la siri ulilompa. Popo hawana neno la siri, kwa hiyo Wamalwa alale salama.

Hayo ni ya mashine. Mambo ya sakafu na maji yaache kwanza. Leo hii nenda kwenye cherehani ya Marie-Jeanne umwambie kwa mdomo wako: "Elie aliandika. Mimi ndiye niliyemzuia." Atakukasirikia, na wewe usiondoke. Akimaliza, mlete ofisini, mfungulie anwani yake, umpishe kiti chako aandike. Barua zilizorudishwa hazitakuja zenyewe, na Elie amechoka kubisha. Safari hii hodi ipigwe kutoka ndani.