Sufuria ya Bi Mwanaisha

Jumapili, Magogoni

Basi leo nimemwambia. Kwamba ile sufuria aliyoniazima Krismasi nilipikia nguruwe, nikaisugua nikamrudishia kimya, na Ramadhani nzima akaipikia futari.

Mchungaji alisema Yesu amekwisha kunisamehe, kilichobaki ni kumwendea jirani. Nimekawia miezi.

Bi Mwanaisha aliitazama sufuria yake. "Mimi sikujua, Mungu hatanihesabia. Nawe nimekusamehe, wallahi. Lakini hiyo sufuria kaa nayo, Mama Faith."

Sasa nimesamehewa au nimefukuzwa? Nilidhani nitatoka pale mwepesi. Nimetoka na sufuria kwapani kama mwizi. Nimepiga magoti kuomba na sijui hata naomba nini. Kama nimesamehewa kote kuwili, mbona moyo bado…

Halafu magharibi binti yake akabisha hodi na sahani ya mahamri, imefunikwa kawa. "Mama asema mle yangali moto."

Nimekula matano huku nalia. Sahani nimeiosha mara tatu. Sahani ya jirani hairudishwi tupu, na mimi nimekaa hapa nawaza: nitie nini, kutoka jiko hili langu, ambacho yeye atakila?