Nusu ya Nasoni

Jumatatu, 2 Juni

Nina miaka themanini na miwili kwa hesabu ya padri. Mimi nasema ni zaidi. Nimewazika wake wawili, machifu watatu na huyo padri mwenyewe. Kimbunga kilichukua nyumba, mimi kikaniacha. Mwanafunzi sijawahi kuzika. Leo nimemzika Nasoni. Mto umefurika, anauona, kavuka tu — mbishi! Ubishi nilimfundisha mimi.

Kisiwa kizima hiki cha Malaita hakuna aliyefundisha filimbi za mianzi kunishinda. Hakuna!

Jumatano, 4 Juni

Kijiji kimya. Kupuliza ni mwiko, hata kuimba, mpaka karamu ya matanga. Nimepitisha filimbi yangu mdomoni bila pumzi. Ule wimbo aliotunga Nasoni, wa maji yanayodondoka kwenye chemchemi.

Sisi hupuliza wawili wawili. Mimi sauti moja, mwenzangu inayofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila mtu na nusu yake, ya mwenzako huiweki kichwani. Ndivyo nilivyofundishwa. Yangu ninayo yote. Sauti yangu — shimo. Sauti yangu — shimo. Ya Nasoni kaenda nayo.

Ijumaa, 6 Juni

Kaja Ahuria, mama yake. Hakukaa.

"Mzee, filimbi ya mwanangu iko kwako?"

Filimbi ya marehemu huvunjwa juu ya kaburi siku ya karamu, ndipo mwiko unakwisha. Nikamwambia haiko. Iko. Nimeichomeka juu, kwenye makuti ya paa. Nilidhani nikiishikashika ile nusu itanijia. Inanuka tambuu yake. Basi.

Jumapili, 8 Juni

Mpwa wangu Teoha kaleta popoo za kutafuna.

"Mjomba, nipe mimi nafasi ya Nasoni. Au utapuliza na jogoo?"

Nikamwambia jogoo angalau anajua saa ya kuanza. Kacheka mpaka katema mate mekundu karibu na mguu wangu.

"Haya, kaa na mashimo yako, Mjomba."

Kaenda zake. Nilitaka kumwambia akae. Nimekula gimbi la jana, baridi.

Jumanne, 10 Juni

Mvua. Hajaja mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Karamu leo. Harufu ya nguruwe imefika mpaka hapa. Sikwenda. Ahuria kaja mwenyewe, kalowa chapachapa.

"Mzee, usinichezee. Nimemzaa mimi, si wewe."

Nikapanda ngazi — mtu wa umri wangu! — nikaishusha. Nikasema chukua, kavunjeni. Mimi mtaniacha na nusu wimbo.

"Wimbo gani? Ule wa maji?"

Akakaa mlangoni, filimbi mapajani. Anasema jioni, yeye akimenya magimbi, Nasoni alikuwa nyuma ya jiko na nusu yake, anairudia mpaka inamuudhi. Alimfukuza na mwiko wa chungu! Akacheka kidogo. Kisha akaanza kuimba puani, taratibu.

Na nafasi zangu kaziacha! Zote! Anafika pangu, anangoja. Mara ya kwanza sikuingia. Mara ya pili nikaingia.

Tumefika katikati, kakwama. Nikataka kubahatisha.

"Wee! Usiniharibie. Itakuja yenyewe. Fanya mambo yako huko, usinikodolee macho."

Ndiyo maana naandika. Huko makaburini wanaita: Ahuria! Leta filimbi! Hajainuka. Kafumba macho, midomo inacheza. Kapata sauti moja. Kaipoteza.

Wanaita tena.

Wakija kuuliza nani kaimba kabla ya wakati, ni mimi. Yeye hakufungua kinywa. Shahidi ni Teoha, katumwa kumchukua: yule pale njiani, kasimama kwenye mvua, kaona yote, na atasema ninavyosema mimi.