Hata Mvua Ikikoma

Jumamosi, 16 Septemba 2023

Maonyesho ya vibonzo, Taipei. Foleni mezani petu kabla ya saa nne! Miaka mitatu tumewachapisha Kun na Sheng mtandaoni kila Alhamisi: mafundi wawili wa miamvuli mjini Keelung, wanaume wanaopendana mchana kweupe. Mimi naandika maneno, Yan-ting anachora. Leo wamekuwa kitabu cha karatasi. Nilikinusa kama mwehu.

Saa nane akaja Chia-jung, msomaji wetu tangu sura ya kwanza. Ndiye aliyempa dada yake sura ya ishirini aisome, ili apate pa kuanzia kumwambia kwamba yeye naye ni kama Kun na Sheng. Akanunua nakala, akafungua papo hapo, akaganda.

“Kaka, hawa wamekuwa ndugu lini?”

Nikacheka. Akanigeuzia ukurasa.

Siandiki zaidi.

Jumapili, 17 Septemba

Nimesoma chote. Picha hazikuguswa. Viputo vya maneno ndivyo vilivyofutwa na kujazwa upya: Kun na Sheng sasa ni watoto wa baba mmoja. Pale kituo cha basi Sheng alikuwa akisema, “Hata mvua ikikoma, usiende.” Kitabuni anasema, “Mvua ikikoma, nenda salama, ndugu yangu.”

Sentensi ile sikuibuni. Nilimwambia Yan-ting, kwenye kituo cha basi, mwaka tulipoanza. Aliichora kwa sababu aliisikia.

Nimemuuliza. Ati mchapishaji anataka kitabu kinachoingia kila nyumba.

“Na mkataba? Nilikubali lini mimi?”

Akaitazama droo. Muhuri wangu wa jina! Nilimwachia mwaka jana anipokelee vifurushi na kushughulikia makaratasi. Muhuri ukigongwa, mwenye jina amekubali. Nani ataniamini nikikana? Kaugonga kwa niaba yangu, nami niko chumba cha pili nasoma.

“Sikugusa hata mstari wa picha, Po-hsun. Mikono yao bado imeshikana.”

“Kwa hiyo umewakata ndimi, ukawaachia mikono?”

“Acha kuhutubia. Hapa si chuoni.”

Nimechukua muhuri wangu. Nimehamia kwa dada yangu.

Jumatano, 20 Septemba

Wasomaji wamejua. “Wasaliti.” “Waoga.” “Mmetuuza.” Jina langu ndilo la kwanza kwenye jalada, nijitetee kwa lipi? Chia-jung kaandika mstari mmoja tu: dada yake amekisoma kitabu, amemuuliza kama na yeye ameshabadilika.

Udhibiti naujua. Nimeusoma, nimeuandikia tasnifu, naweza kuubomoa kwa tanbihi. Lakini huu hauna ofisi wala askari. Sheria imeturuhusu kuoana tangu mwaka 2019! Mdhibiti wangu alilala ubavuni mwangu, na asubuhi akaniuliza nataka chai au maziwa ya soya.

Jumanne, 26 Septemba

Yan-ting amekuja na balungi la sikukuu ya mwezi, kalikumbatia kama mtoto. Dada hakumkaribisha kiti.

Hatimaye kasema kweli. Mchapishaji alipendekeza tu, hakulazimisha. Alikubali kwa ajili ya mama yake, apate kitabu cha kumwonyesha.

“Amekisoma mara mbili. Hajawahi kusoma kitu changu, Po-hsun. Hata kimoja! Anataka uje Ijumaa, sikukuu ya mwezi, umgongee muhuri kwenye nakala yake, uwe sahihi ya mwandishi.”

“Kwake mimi ni nani?”

“Mwandishi.”

“Na?”

Akaligeuza balungi mikononi: “Mwenzangu wa nyumba.”

Nimeelewa. Kabla hajawahariri Kun na Sheng, alikwisha kunihariri mimi.

Nitakwenda. Nakwenda kusema.

Ijumaa, 29 Septemba — Tainan

Naandika wima, chumbani kwa Yan-ting, nyumbani kwa mama yake. Nimeaga kwamba nafuata muhuri mkobani.

Wanachoma nyama huko juu ya paa. Mama yake ni mfupi, sauti kama ya mnadi samaki. “Kula, mwanangu, umekonda kama kalamu!” Nilikuja na hotuba yenye sehemu tatu. Akanimenyea balungi, akaniondolea hata ngozi nyeupe ya kila kipande. Nikala, hotuba nikaiahirisha.

Kisha akafuta mikono, akaleta kitabu, akafungua kisanduku cha wino mwekundu. Utepe ulikuwa kwenye ukurasa wa kituo cha basi.

“Hebu nieleze wewe uliyeandika. Huyu wangu ananiambia ni ndugu. Mimi nina kaka wanne. Hakuna aliyewahi kunishika mkono namna hii, hata siku tuliyomzika baba. Huyu ni nani kwa huyu?”

Yan-ting akageuza nyama iliyokwisha kuungua.

Nami nikasema nafuata muhuri. Mimi! Mwenye hoja kwa kila jambo!

“Po-hsun! Nyama inapoa!” Ni mama yake, kutoka paani.

Muhuri huu hapa kiganjani. Nikiugonga ukurasa ule, maneno yaliyobadilishwa yamekuwa yangu. Nikitangulia kuandika sentensi yangu pembeni —

Yan-ting yuko mlangoni. Ananong’ona. “Gonga tu, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe. Mwakani.”

Ananyosha mkono. Kwa nukta moja nimedhani anataka kunishika.

Anataka muhuri.